Dawa ya Kuvu Haipigani Peke Yake



Tukitembelea vikundi vya kujitegemea, kuna swali moja ambalo linarudi kila mara, hasa kutoka kwa akina mama wanaotunza wagonjwa nyumbani. Wanatuuliza: "Mbona ule utando mweupe wa mdomoni unaisha na dawa, halafu baada ya wiki mbili tatu unarudi tena? Ama dawa ni ya bandia?" Ni swali zuri. Jibu lake linagusa maisha ya watu na pia pesa za kikundi. Kwa hivyo tumeona tulieleze pole pole katika ukurasa huu.

YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Kwanza tuungame. Katika kikundi kimoja tunachofanya kazi nacho, mama mmoja alipata utando mweupe mdomoni, hata kumeza ugali ikawa taabu. Wenzake walichanga, wakanunua dawa dukani, akapata nafuu. Baada ya mwezi ukarudi. Tukachanga tena. Ukarudi mara ya tatu, na safari hii pesa zikatoka kwenye sanduku la mbegu. Sisi tulikuwapo, tukasifu sana umoja wa kikundi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini ugonjwa ule hautoki.

Mara ya nne hakuweza kumeza hata mate. Tulipomfikisha dispensari, muuguzi alitusikiliza, kisha akasema: "Mmenunua dawa mara tatu. Je, mmewahi kuuliza kwa nini mwili wake haumsaidii?" Tulikosa la kusema. Yule mama alikubali kupimwa, akakutwa na virusi vya ukimwi, akaanza dawa za ARV. Leo analima viazi vyake mwenyewe na ndiye mweka hazina wetu. Ametukubalia tusimulie habari hii, mradi tusitaje jina lake.

Swali la yule muuguzi ndilo somo letu la leo. Dawa ya kuvu inahitaji mwenzake, na huyo mwenzake yumo ndani ya mwili.

KUVU HII NI NINI?

Akina mama wanaooka mandazi wanaijua hamira. Hamira ni kiumbe hai kidogo sana, jamaa ya kuvu. Ukiipa maji ya vuguvugu na sukari inaongezeka na kuumua unga. Sasa, hamira ziko za aina nyingi. Moja inaitwa Candida. Hii si ile ya dukani, na kula mandazi hakuleti ugonjwa huu.

Candida inaishi katika kinywa, matumbo na sehemu za siri za watu wengi wazima wasio na ugonjwa wowote. Hukaa kimya kama mpangaji mwenye adabu. Ikipata nafasi huongezeka, ndipo tunaona utando mweupe kama maziwa yaliyoganda juu ya ulimi na ndani ya mashavu. Ukikwangua, chini ni pekundu na panauma. Ikishuka kooni mpaka njia ya chakula, mgonjwa anasikia kama chakula kimekwama kifuani.

Jamani, tusikimbilie kumnyoshea mtu kidole. Si kila utando ni ukimwi. Mtoto mchanga huupata. Mwenye kisukari huupata. Aliyemeza antibaiotiki siku nyingi, au anayetumia dawa ya kuvuta ya pumu bila kusukutua mdomo baadaye, naye anaweza kuupata. Mwanamke mwenye afya yake anaweza kupata mwasho wa Candida ukeni, hasa akiwa na mimba. Lakini mtu mzima akipata utando mdomoni bila sababu inayojulikana, au ukirudi rudi, hiyo ni kengele. Inafaa apimwe.

ASKARI WA MWILI

Katika damu yetu kuna chembe nyeupe, na hao ndio askari wetu. Wengine kazi yao ni kumeza adui na kumyeyusha.

Jambo hili lilionekana wazi kupitia hamira, tena si kwa binadamu. Mwaka 1884 mtaalamu mmoja kutoka Urusi, Élie Metchnikoff, alikuwa akiangalia kwa darubini kiumbe kidogo cha majini kiitwacho dafnia, ambacho unaweza kuona mpaka ndani ya mwili wake. Aliona mbegu za aina fulani ya hamira zikiingia mwilini mwake, halafu chembe za mwili wake zikizizingira na kuzimeza. Chembe zikishinda, dafnia anaishi. Hamira ikiongezeka kuliko chembe, dafnia anakufa. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili.

Hata sisi ni vivyo hivyo. Lakini askari wanahitaji mkubwa wa kuwaita na kuwaonyesha adui alipo. Kazi hiyo hufanywa na chembe ziitwazo CD4. Virusi vya ukimwi hushambulia hizo hizo. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kama 500 au zaidi katika tone dogo la damu linalotumiwa kipimo. Zikishuka chini ya 200, mgonjwa yuko katika hatari kubwa ya magonjwa nyemelezi. Wale askari wa kumeza wanaweza kuwa bado wapo, lakini amri ni haba, na ngozi laini ya mdomoni inabaki bila ulinzi.

DAWA NAYO INAFANYA NINI?

Chukua mfano wa nyumba ya udongo. Kila msimu ni lazima uikandike, la sivyo mvua inaingia. Chembe ya kuvu nayo imezungukwa na utando kama ngozi, na utando huo unahitaji mafuta fulani yaitwayo ergosteroli. Mwili wa binadamu hautumii mafuta hayo, bali hutumia kolesteroli. Tofauti hiyo ndiyo mlango ambao dawa huingilia.

Flukonazoli, ambayo ndiyo dawa ya kuvu tunayoiona sana kwenye dispensari zetu, huizuia kuvu kutengeneza ergosteroli. Ni kama umeinyima udongo wa kukandika. Nyumba inapata nyufa, kuvu inadhoofika, haizaani. Lakini tuweke alama hapa: kwa kawaida flukonazoli inazuia Candida isiongezeke, haiiui yote. Ile iliyobaki imelegea lakini iko hai. Nani ataimaliza? Ni wale askari wa mwili.

Dawa zingine hufanya kwa njia tofauti. Nistatini, ile ya maji ya manjano ya kudondoshea mdomoni, hushika ergosteroli na kuutoboa utando wa kuvu. Iligunduliwa na akina mama wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, ambao mwaka 1950 walitangaza dawa hiyo waliyoipata kwa bakteria wa udongo wa shambani. Ndugu yake mwenye nguvu zaidi ni amfoterisini B, ambayo hutolewa hospitalini kwa chupa ya kuingizwa kwenye mshipa.

WAWILI PAMOJA

Basi wataalamu walijiuliza: tukiweka dawa na askari pamoja, itakuwaje? Katika miaka ya 1990 watafiti wa California huko Marekani waliweka kuvu katika vyombo vya maabara. Mahali pengine waliweka flukonazoli peke yake, pengine chembe nyeupe peke yake, pengine vyote viwili. Palipokuwa na vyote viwili, kuvu iliuawa zaidi kuliko kwa kimoja kimoja. Dawa ilikuwa imeilegeza, na chembe zikapata kazi rahisi.

Mfugaji yeyote anaelewa hili. Ukizungushia boma miiba, fisi anazuiwa, lakini hafi. Ukiwa na mbwa bila miiba, usiku mmoja fisi watakuwa wengi kuliko mbwa. Miiba na mbwa pamoja, hapo ng'ombe wanalala salama.

Wengine walijaribu kuwatia nguvu askari kwa sindano. Huko Cape Town, Afrika Kusini, wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu walipewa dawa za kuvu, na baadhi yao wakaongezewa interferoni-gama, ambayo ni ujumbe ambao chembe za mwili hutumiana kuamshana. Matokeo yalitolewa mwaka 2012: waliopata sindano hiyo, kuvu ilitoka haraka zaidi katika maji ya uti wa mgongo. Majaribio hayo yalikuwa ya watu 90 tu, kwa hiyo hayakutosha kuonyesha kama yanaokoa maisha zaidi. Sindano hiyo si dawa ya dispensari zetu. Lakini sisi tunayo njia yetu ya kuwarudisha askari: ni kupimwa mapema na kumeza ARV bila kuruka hata siku moja.

Sasa mnaelewa kwa nini utando wa yule mama ulirudi. Dawa haikuwa ya bandia. Ilifanya kazi yake nusu, ikangoja mwenzake, mwenzake hakuja.

KICHWA KINACHOUMA SIKU NYINGI

Iko kuvu nyingine ya aina ya hamira ambayo ni hatari kupita Candida. Inaitwa Cryptococcus. Hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha ndege, hasa njiwa, na huingia kwa kupumua. Mwenye kinga nzuri huimaliza bila hata kujua. Mwenye CD4 chache, hasa chini ya 100, inaweza kupanda mpaka kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Haiambukizi kutoka mtu hadi mtu, kwa hivyo msiogope kumhudumia mgonjwa.

Dalili zake huanza pole pole: kichwa kuuma kwa siku nyingi na kuzidi, homa, kutapika, kuona vitu viwili viwili, macho kuchukia mwanga, shingo kukaza, mtu kuanza kusema maneno yasiyoeleweka. Kijana mmoja fundi wa baiskeli katika eneo letu aliumwa kichwa karibu wiki tatu. Tulimpa dawa za maumivu, tulimwombea, wengine wakasema ati amerogwa. Alipofikishwa hospitali alikuwa hajitambui, na siku mbili baadaye akafariki. Pesa tulizochanga za jeneza zingetosha nauli ya hospitali mara nyingi. Hatusemi haya kumlaumu mtu. Tunasema ili isitokee tena.

Kuna mambo matatu ambayo tungependa kila kikundi kiyajue.

Kwanza, kuna kipimo cha damu cha kutafuta Cryptococcus. Hufanywa kwa kijikaratasi, na majibu hutoka upesi. Kinaweza kuonyesha kuvu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Mwenye CD4 chache akiomba kipimo hiki si usumbufu, ni haki yake. Akikutwa nayo mapema hupewa flukonazoli ya kuzuia isifike kichwani.

Pili, watu wengi wanaogopa sindano ya mgongo. Tumesikia wakisema, "Akichomwa ile, hatarudi." Ukweli ni kwamba wengi hufika wakiwa wamechelewa, basi sindano inabeba lawama ya kuchelewa. Kutoa maji hayo kunaonyesha ugonjwa, na tena kunapunguza msukumo ndani ya kichwa ambao ndio unaoua na kupofusha. Saa zingine inabidi kurudiwa mara kadhaa. Msikatae.

Tatu, matibabu yamekuwa mafupi kuliko zamani. Utafiti uliofanywa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, na kutolewa mwaka 2022, ulitumia amfoterisini ya aina mpya mara moja tu kwa kipimo kikubwa, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Vifo katika wiki 10 vilikuwa kama 25 kwa kila wagonjwa 100, na kwa matibabu ya awali vilikuwa kama 29. Madhara makali nayo yalipungua. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo. Hata hivyo mtaona kwamba bado mmoja kati ya wanne hufa. Kuwahi ndiyo dawa kubwa.

ASKARI WAKIRUDI KWA FUJO

Hapa kuna jambo ambalo hata sisi lilitushangaza. Tumesema dawa na askari waende pamoja. Je, mgonjwa wa Cryptococcus kichwani aanzishwe ARV siku hiyo hiyo? Hapana!

Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini, na kutolewa mwaka 2014, ulilinganisha wagonjwa 177. Wengine walianza ARV katika wiki moja au mbili, wengine wakangoja kama wiki 5 huku dawa za kuvu zikiendelea. Baada ya miezi sita, kwa kila 100 waliowahi, karibu 45 walikuwa wamefariki. Kwa waliongoja walikuwa 30.

Sababu yake? Askari wakirudi ghafla wakakuta kuvu nyingi bado iko kichwani, wanapigana kwa fujo. Ubongo unavimba, na ubongo hauna nafasi ya kuvimba. Ni kama kuzima moto ndani ya nyumba ya nyasi kwa kuibomoa na watu wakiwa ndani. Kwanza dawa ya kuvu ipunguze adui, halafu askari waitwe. Ndiyo sababu madaktari hungoja wiki 4 hadi 6.

Lakini msichanganye mambo. Kungoja huku ni kwa mwenye kuvu kichwani. Mwenye utando wa mdomoni bila dalili za kichwa hangoji. Anaweza hata kuanza ARV siku ile ile anapopimwa. Na aliye tayari kwenye ARV asiziache mwenyewe akiumwa kichwa. Aende hospitali, daktari aamue. Pia msimpe mtu ARV za jirani "zimsaidie wakati tunatafuta nauli." Mnaweza kumuua kwa huruma.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Utando ukirudi mara ya pili, msichange ya dawa tu. Changeni ya nauli, na mmoja wenu amsindikize akapimwe. Kupima ukimwi kuwe kwa hiari na siri ikae.

2. Dawa imalizwe. Kwa utando wa mdomoni, flukonazoli kwa kawaida ni siku 7 hadi 14. Ukifika kwenye njia ya chakula ni siku 14 hadi 21. Kuacha ukiona nafuu, au kugawana vidonge, kunaifundisha kuvu kuizoea dawa. Waliopona Cryptococcus huendelea na flukonazoli mwaka mmoja au zaidi, mpaka CD4 zipande.

3. Mwambieni mhudumu ukweli wote: kama mgonjwa ana mimba, ana ugonjwa wa ini, au anameza dawa za kifua kikuu. Dawa hizi saa zingine zinagombana.

4. Kichwa kinachouma na kuzidi kwa mtu mwenye virusi, au ambaye hajawahi kupimwa, kisifike wiki moja nyumbani. Akichanganyikiwa au kutapika sana, ni siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa mkokoteni.

5. Mdomo ukiuma, msimpe pilipili, ndimu wala kitunguu saumu "kukausha" utando. Vinamchoma tu. Mpeni uji usio moto, ndizi mbivu, parachichi, mayai laini, na maji ya chumvi kidogo ya kusukutua. Chakula hakiui kuvu, lakini askari mwenye njaa hapigani.

6. Katika sanduku la kikundi tengeni bahasha ya nauli ya dharura, isiyoguswa kwa mambo mengine. Kikundi kimoja hapa huweka sehemu ndogo ya kila mchango wa merigoraundi. Bahasha hiyo imeshatumika mara mbili, na wote wawili wako hai.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

- Je, kuna mtu kati ya majirani zetu ambaye utando wake unarudi rudi? Ni nani anaweza kuongea naye bila kumwaibisha?
- Mara ya mwisho tulichanga kwa ajili ya mgonjwa, au kwa ajili ya marehemu?
- Bahasha ya nauli itakaa kwa nani, na usiku itafunguliwa vipi?

Katika Injili tunasoma habari za wale watu wanne waliombeba mgonjwa wa kupooza, wakafungua dari ili wamfikishe kwa Yesu. Hawakumponya wao. Walimfikisha. Na sisi wanavikundi si madaktari, na dawa tunazonunua dukani hazipigani peke yake. Kazi yetu ni kushika pembe ya kitanda, na kushika mapema.

Tutumieni maswali yenu kupitia katekista au ofisi ya parokia. Mungu awabariki katika kazi zenu.